Ufunguo Kwenye Lupu

Wiki iliyopita alinipigia simu binti anayeitwa Kendi, fundi mpya wa stesheni ya Embu. Hatujawahi kuonana. Namba yangu aliikuta imeandikwa kwa penseli ndani ya mlango wa raki, lile kabati la mitambo, pale nilipoiandika mwenyewe kabla sijastaafu. Baada ya salamu akaniuliza, "Madam, hapa kando ya raki kuna kamba iko na ufunguo wa padlock. Tumejaribu kufuli zote za station, haifungui hata moja. Naeza tupa?"

Nikamwambia asithubutu. Nadhani nilipaza sauti, maana aliniomba radhi mara mbili. Baadaye nikaona haya, kwa sababu mtoto wa watu hakukosea chochote, hakuna aliyemweleza. Sisi wazee wa kazi hii tuna ugonjwa wa kustaafu na mambo kichwani. Basi nimeketi hapa Majengo, Meru, katika nyumba ya marehemu baba yangu nyuma ya bucha, nikuandikie wewe Kendi na wenzako wote mnaobadilisha kadi. Mkichoka kusoma katikati, rukeni mwende mwisho, lakini ufunguo msiutoe.

Mimi ni Zuhura. Nimekuwa fundi wa mitambo ya simu kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu, na kazi yangu hasa ilikuwa kadi. Kwa wale ambao hawajaingia stesheni bado: simu za watu husafiri kati ya miji zikiwa mwanga ndani ya nyuzi za kioo, lakini mwishoni lazima mwanga huo ugeuzwe umeme, uingie kwenye nyaya za shaba, uende kwa mnara, kwa benki au kwa hospitali. Hugeuziwa kwenye kadi, ambayo ni bamba la ukubwa wa daftari linalochomekwa ndani ya raki. Kadi za zamani zilikuwa na njia ishirini na moja, mpya zina sitini na tatu. Kila mtu aliponunua simu, tulizunguka Meru na Embu yote tukichomoa za zamani na kuchomeka mpya. Na kila njia ina watu upande wa pili, hata kama kompyuta inakuonyesha namba tu.

Aliyenifundisha kuwakumbuka watu hao ni Mzee Njiru, Mmbeere wa kijiji kimoja ng'ambo ya Ishiara, fundi mkuu wetu nilipoajiriwa. Siku yangu ya kwanza askari wa lango alinizuia, akaniambia chakula cha mafundi huletwa saa saba. Mzee akatoka nje, akamtazama askari, akasema, "Huyu ndiye fundi. Chakula utaleta wewe." Na kweli askari alituletea githeri ya mahindi na maharagwe siku hiyo, na hakunisamehe mpaka alipohamishwa.

Aliniita mwari, yaani binti kwa lugha ya kwao, lakini msidhani alinidekeza. Nilishika kadi bila kuvaa mshipi wa kifundo cha mkono, ule unaotoa umeme mwilini, akaninyang'anya kadi na kunituma nikafagie stesheni nzima. Alisema kadi haisukumwi kwa hasira. Unaiingiza kwa vidole viwili, ikikataa unaitoa, unamulika pini za nyuma kwa tochi, ndipo unajaribu tena. Miaka mingi baadaye nilimwona kijana mwenye digrii akisukuma kadi kwa goti. Pini mbili zililala, nasi tukakaa Nkubu kutwa nzima tukizinyanyua kwa sindano ya kushonea niliyoazima kwa fundi cherehani.

Lebo zake aliziandika kwa penseli kwenye plasta ya hospitali, ile ya kufungia kidonda, kwa sababu wino hufifia kwa joto la raki na penseli haifi. Hakuandika namba peke yake, aliandika watu. "Mitunguu, wa ndizi." "Shule ya wasichana, ofisi." Njia ya kumi na nne kule Embu aliandika neno moja tu, "Nyumbani", kwa sababu ilikwenda kwenye mnara wa kijijini kwao, na kijiji hicho hakikusikia mnara mwingine wowote. Nawaomba mliweke hilo akilini.

Mwaka wangu wa pili nilichomoa kadi isiyohusika. Raki nyingine zinahesabiwa kutoka kushoto na nyingine kutoka kulia, na mimi sikuuliza. Mitunguu ikanyamaza tangu asubuhi mpaka adhuhuri, tena siku ambayo malori ya wanunuzi huja. Wakulima walikuwa wamekata ndizi wakingoja kupigiwa simu, malori yakangoja kupigiwa simu, mwishowe malori yakaenda kununua kwingine. Mzee alipogundua kosa langu alirudisha kadi, akafunga raki, akaniambia, "Panda Land Rover."

"Tunaenda wapi, Mzee?"

"Kwa wale umekatia."

"Tukawaambie nini?"

"Ati ni wewe."

Nikamwambia nimeshaandika ripoti. Akaniambia, "Report ni ya Nairobi. Watu wanaambiwa na mdomo." Basi nikasimama sokoni Mitunguu mbele ya ndizi zilizolala chini, nikasema ni mimi. Mama mmoja alinitukana kwa Kimeru mpaka akachoka, halafu akanitwika mkungu mzima kichwani na kuniambia, "Chukua, ukule mpaka uskie aibu kwa tumbo." Majengo yote tulikula ndizi wiki hiyo. Baba yangu aliniuliza kama nimeacha ufundi nikawa dalali. Tulicheka sana, na somo likaniingia: ukiwakatia watu, unakwenda mwenyewe kuwaambia.

Sasa lupu. Wengi wenu mnaijua, ila mara nyingi mnaifanyia kwenye kompyuta. Sisi tulikuwa na lupu ya mkononi, kipande cha waya kifupi kama kiganja chenye kichwa kila upande. Ukishachomeka kadi mpya, unaipima njia moja moja. Unachomoa waya wa mteja, unachomeka kichwa kimoja cha lupu mahali pake na waya huo kwenye kichwa cha pili, mtambo wa kila upande unatuma sauti na sauti inarudi ilikotoka. Taa ikiwa kijani, njia ni nzima. Unatoa lupu, unarudisha waya wa mteja, unakwenda njia inayofuata. Ubaya wa lupu ni mmoja. Ukiisahau, taa inabaki kijani huku kwako, inabaki kijani Nairobi, inabaki kijani hata kule mnarani, kwa sababu kila mtambo unasikia sauti yake wenyewe na kuridhika. Ila watu hawapati simu.

Mzee Njiru alipokuwa kijana aliisahau Chuka siku mbili. Tangu hapo aliifunga lupu kwa kamba kwenye ufunguo wa Land Rover. Huwezi kuondoka stesheni bila ufunguo wa gari, na huwezi kuchukua ufunguo bila kutoa lupu. Hiyo ndiyo ilikuwa akili yake yote, haikuhitaji kompyuta. Kwa miaka yote niliyofanya kazi naye hatukusahau lupu hata mara moja.

Tulikuwa pia na mapatano yetu ya siku. Yeye alishika kazi Ijumaa nikaenda kuswali, mimi nilishika Jumapili akaenda kanisani na mkewe, Mama Wanja. Kadi tulizibadilisha Jumapili kati ya saa tatu na saa saba, maana saa hizo huku kwetu watu wako ibadani na simu zimezimwa. Kazi ya Jumapili ikawa kazi yangu mimi, yule Mwislamu wa Majengo. Mama Wanja alijua hivyo, na kila Jumatatu alinitumia ndengu kwenye kibakuli cha bati chenye kifuniko, akisema amenifungia kwa sababu nilifanya kazi wenzangu wakiomba. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye kicheko kikubwa, na hakuwahi kuniita fundi. Aliniita "mwana wa Jumapili".

Mzee alistaafu akarudi kwao kufuga mbuzi. Haikupita muda kampuni ikauza magari yake yote na kukodi mengine pamoja na madereva. Yangu ilikuja na dereva anayeitwa Mwenda, mtu mzuri, shavu limejaa muguka, yale majani ya kutafuna, kutwa. Ufunguo wa gari ulikaa mfukoni mwake, kama ipasavyo. Lupu ikabaki na kamba tupu. Niliona kamba ile, nikajiambia nitatafuta kitu cha kufunga. Sikutafuta, kwa sababu nilijiona nimekwisha kuiva.

Jumapili moja nilibadilisha kadi ya Embu, ile yenye lebo ya "Nyumbani". Kazi ilikwenda vizuri mno. Nilihamishia nyaya zote kwenye kadi mpya, nikapima njia moja moja, na kabla ya saa tano nilikuwa nimemaliza. Mtu wa makao makuu Nairobi alinipigia akasema, "Zuhura, everything is green. Umemaliza mapema, hongera." Nilifurahi kusifiwa. Tena mpwa wangu alikuwa anaolewa Majengo siku hiyo, na Mwenda alikuwa anapiga honi nje. Nikafunga raki, tukaondoka, nikafika nikala pilau na kucheza na wanawake wenzangu mpaka jioni. Bado nakula pilau, msije mkadhani hii ni hadithi ya namna hiyo. Lakini siku hiyo naikumbuka na ladha yake.

Jumatatu saa nne asubuhi simu yangu ililia. Ilikuwa namba nisiyoijua, kumbe ya muuza duka wa sokoni Ishiara. Nikasikia sauti ya Mzee Njiru. Hakunisalimia, na yeye hakuwa mtu wa kuacha salamu.

"Jana ulikuwa Embu?"

"Ndiyo, Mzee. Nimewabadilishia kadi."

Akasema, "Nimeingia kwa mnara. Taa zote ni green na simu hakuna. Enda utoe lupu."

Akakata simu.

Nilimwambia Mwenda aendeshe bila kusimama. Nilifungua raki na kuikuta lupu kwenye njia ya kumi na nne, na waya wa mteja kwenye kichwa chake cha pili pamoja na plasta yake, "Nyumbani". Nikaitoa, nikarudisha waya. Watu wa minara walikuwa wameona tangu Jumapili kwamba mnara ule umelala, wakadhani ni stima, yaani umeme umekatika, maana Ishiara stima hupotea kila mara, wakaandika waende Jumatatu wakipata gari. Nilikaa sakafuni nikiwa na aibu, nikifikiri nitakwenda kumwambia Mzee pole, atanituma nikafagie kama zamani. Nilikuwa bado sijui kitu.

Nusu saa baadaye ujumbe wa Wanja, binti yao, ukaingia kwenye simu yangu. Ulisema mama amefariki jana.

Nilisimuliwa baadaye na majirani. Mama Wanja alirudi kutoka kanisani, akapika, akaanguka jikoni kwake kama saa saba. Alikuwa na presha tangu zamani. Mzee alimpigia mtu wa pikapu ambaye hubeba wagonjwa wa upande ule, simu ikakataa. Akapiga tena na tena. Alipanda kwenye jiwe, akapanda kwenye kilima nyuma ya zizi, fundi mzima wa simu akiinua simu juu kama mtu asiyejua mambo. Mwishowe jirani alikimbia kwa miguu mpaka barabarani. Pikapu ilifika karibu saa kumi na moja. Mama Wanja alikata roho kabla ya lango la hospitali. Daktari alisema labda hata wangewahi asingepona. Nimelishikilia neno hilo "labda" miaka mingi, na nawaambia halishikiki.

Meneja wangu aliniita ofisini. Aliisoma ripoti yangu, akaikunja. "Andika hitilafu ya mtambo," akasema. "Zuhura, mtu alikuwa mgonjwa. Usijibebeshe hiyo." Nikaandika hitilafu ya mtambo. Ndiyo, niliandika. Kwenye mazishi nilisimama nyuma na kina mama, nikashika mkono wa Mzee kama kila mtu alivyomshika, nikasema pole kama kila mtu alivyosema. Alinitazama akingoja. Nilijua anangoja nini, kwa sababu ni yeye aliyenifundisha. Sikusema. Niliuachia mkono wake, aliyekuwa nyuma yangu akaushika.

Nilikaa miezi minane. Nilikuwa nikiamka na kujiambia nitakwenda Ijumaa, Ijumaa ikifika naswali na kurudi kazini. Nilianza kuogopa kadi. Nilikuwa nafunga raki, nafika langoni, narudi kuifungua tena, mara tatu, mara nne, Mwenda akiniangalia bila kuuliza. Siku moja alizima gari mwenyewe, akatema muguka, akaniambia, "Madam, kwa huyo mzee mimi najua njia. Leo nakupeleka, ukitaka ukatae ukiwa kwa gari." Akageuza kuelekea Ishiara.

Mzee alikuwa anakamua mbuzi. Alikuwa amekonda. Alinipa kigoda, akaendelea kukamua. Jiko la Mama Wanja, kibanda cha mabati kando ya nyumba, lilikuwa limefungwa kwa kufuli, na majivu ya zamani bado yalikuwa mlangoni pale alipozoea kuyamwaga. Nilitoa lupu kwenye mkoba nikaiweka kwenye mapaja yangu. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njia nzima.

Nikasema, "Mzee, ni mimi. Nilisahau lupu."

"Najua."

"Nimechelewa kukuambia."

"Umechelewa sana, mwari."

Nililia pale kwenye kigoda, nami si mtu wa kulia mbele ya watu. Hakuninyamazisha. Alimaliza mbuzi mmoja akamshika mwingine. Nilipotulia akanyoosha mkono, akaichukua lupu, akaitazama kamba ile tupu.

"Ufunguo wa gari iko wapi?"

"Magari si yetu tena. Dereva ndiye anakaa na ufunguo."

Akatikisa kichwa taratibu. Nadhani alikuwa akiliona kosa lote tangu mwanzo hadi mwisho, jinsi alivyokuwa akilifuata tatizo kwenye raki. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa ufunguo mdogo wa kufuli. Akaufunga kwenye kamba ya lupu, mafundo mawili, akavuta kuona kama yamekaza.

"Ni ya jikoni yake," akasema. "Mimi hapo sifungui tena. Wewe utembee nayo. Hii huwezi acha kwa station ukaenda kula."

Sikujua amejuaje kwamba nilikwenda kula. Nikamuuliza kama amenisamehe. Akasema, "Sijasema hivyo. Nimesema utembee nayo."

Nilitembea nao mpaka nikastaafu, na siku ya mwisho nikauvua kwenye lupu, nikauning'iniza na kamba yake kando ya raki ya Embu. Kila nilipochomeka lupu, ufunguo wa Mama Wanja ulining'inia chini yake mbele ya macho yangu, na sikuondoka stesheni hata siku moja kabla haujarudi mfukoni. Nilimtembelea Mzee mara nyingi baada ya hapo. Tulizungumza juu ya mbuzi, juu ya kadi mpya, juu ya kompyuta ambazo alisema zinadanganya kwa heshima. Alianza kuniagiza majani ya chai kutoka Meru, na mara moja alinicheka nilipokanyaga samadi. Lakini neno lile hakulisema, nami sikuuliza mara ya pili. Alifariki nikiwa nimebakiza mwaka mmoja kazini. Safari hii nilikuwa mbele, karibu na Wanja, nikawaambia waombolezaji wote kwa mdomo wangu jinsi mama wa nyumba ile alivyokosa simu, na ni nani aliyemkosesha. Wanja aliondoka pale aliposimama karibu nami, na mpaka leo hatuzungumzi. Hiyo nayo ni haki yake.

Nasikia walipotaka kupika chakula cha matanga walivunja kufuli la jikoni kwa nyundo, kwa kuwa hakuna aliyejua ufunguo uko wapi. Mimi nilijua, na nilikuwa nao mfukoni, lakini sikuthubutu kuinuka.

Kwa hiyo, Kendi, mlivyojaribu kufuli zote za stesheni mlijisumbua bure. Ufunguo huo haufungui kitu chochote duniani sasa. Uuache hapo hapo kwenye kamba yake, na Jumapili ukibadilisha kadi, uufunge kwenye lupu.